Kura ya vita ya Iraq: waliosema "ndiyo" iliwatafuna, waliosema "hapana" haikuwalipa. Uzi wa kura za mchujo Marekani

KahawaChungu (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Kuna hoja inazunguka kwenye nyuzi za siasa za Marekani kwamba mgombea aliyepinga vita mapema hulipwa siku ya kura za mchujo, na aliyeiunga mkono hulipizwa. Kila anayeisema anamtaja Obama, aliyeipinga vita ya Iraq mapema akamshinda Hillary Clinton kwenye mchujo wa Democratic 2008, kisha anafunga mjadala. Nimeamua nilete uzi kabisa, kwa sababu Obama ndiye mfano mbovu kuliko yote wa hoja hiyo.

Kwa wageni kidogo tu. Mchujo wa kule si kama kura zetu za maoni, ambapo wajumbe wanajaa ukumbini na kesho yake mtu analia mitandaoni kwamba wajumbe si watu wazuri. Kule wanapiga wananchi, jimbo baada ya jimbo, kuanzia Januari au Februari hadi Juni, na kwa miaka mingi Iowa na New Hampshire ndizo zilizotangulia. Wanaojitokeza ni wachache kuliko wa uchaguzi mkuu wa Novemba, na wengi wao ni wale wenye chama moyoni. Jambo ambalo Novemba halimnyimi mtu usingizi, Januari linaweza kukuzika.

Sasa twende Oktoba 2002. Usiku wa kuamkia tarehe 11, Seneti ilimruhusu George W. Bush kuivamia Iraq kwa kura 77 dhidi ya 23. Upande wa Democratic, maseneta 29 walisema ndiyo na 21 wakasema hapana. Kati ya hao 29 walikuwemo Hillary Clinton, John Kerry, John Edwards, Joe Biden na Chris Dodd. Yashike hayo majina matano. Wote walikuja kuutaka urais, 2004 au 2008, na Edwards mara zote mbili.

Usidhani walikuwa wajinga. Walikuwa wanakumbuka Januari 1991. Siku hiyo Seneti iliidhinisha vita ya Ghuba kwa kura 52 dhidi ya 47, na Democrats wengi walikataa, Kerry na Biden wakiwemo. Vita ikaisha haraka, wanajeshi wakarudi kwa gwaride, na waliokataa wakaonekana waoga. Sam Nunn wa Georgia, mtu wa masuala ya ulinzi aliyetajwa sana kwa urais, alikuwa mmoja wao, na 1992 hakugombea. Al Gore alikuwa kati ya Democrats 10 waliosema ndiyo, na mwaka uliofuata Bill Clinton akamchagua kuwa mgombea mwenza. Ukiwa seneta mwenye ndoto ya Ikulu, somo la 1991 lilikuwa limeandikwa ukutani: vita ya Iraq ikija tena, usikae upande wa hapana. Kwa hiyo 2002 walijibu mtihani wa 1991. Maswali yalikuwa yamebadilika.

Obama je? Oktoba 2, 2002 alisimama Federal Plaza, Chicago, akasema hapingi vita zote, anapinga vita ya kijinga. Hotuba nzuri sana. Lakini cheo chake kilikuwa seneta wa jimbo la Illinois, huko Springfield wanakojadili barabara na bajeti za shule. Hakuna aliyemwita kupiga kura ya Iraq. Watu wake walikuwa wa Hyde Park, mtaa wa chuo kikuu, ambako kumpinga Bush kulikuwa jambo la kila siku. Simvunjii heshima, maana alikuwa anajipanga kugombea Seneti ya taifa na wakati ule vita ilipendwa. Ila hatari aliyoibeba haikufanana na ya mtu aliyeitwa kwa jina ukumbini.

Na waliopiga hapana kweli, waliolipia kwa jina lao? Bob Graham wa Florida alikuwa mwenyekiti wa Kamati ya Ujasusi ya Seneti. Aliisoma ile ripoti ya siri ya kurasa kama 90 kuhusu silaha za Saddam, akawasihi wenzake nao waisome, akapiga hapana. Akagombea urais, na Oktoba 2003 alijitoa hata kabla ya kura ya kwanza. Dennis Kucinich aliongoza upinzani ndani ya Baraza la Wawakilishi, na Iowa 2004 akaambulia asilimia 1 na ushee.

Hoja yangu basi: msimamo wa zamani kuhusu vita ni silaha, na kwenye mchujo silaha hiyo huifaidi zaidi midomo ya watu ambao hawakuwepo chumbani siku ya kura. Aliyekuwepo akasema hapana, watu humpongeza, kisha hawampigii.

Karibuni tupondane.

---

Bintisultani

Mkuu umeandika vizuri ila umeruka jambo moja kubwa. Hillary hakuangushwa na kura. Aliangushwa na kiburi cha kutokusema "nilikosea". Edwards alipiga kura ileile, Novemba 2005 akaandika gazetini wazi kwamba alikosea. Nani alimsumbua tena? Iowa 2008 alimshinda Hillary kwa nafasi ya pili.

---

KahawaChungu

Bintisultani hapo nakubali kwa asilimia kubwa. Februari 2007 Hillary alikuwa New Hampshire, watu wanamuuliza swali hilohilo kila ukumbi. Akawajibu kwamba kama kwao jambo kuu ni kumpata mtu ambaye hakupiga kura ile, au aliyesema kura yake ilikuwa kosa, basi wapo wengine wa kuchagua. Wapiga kura wakamsikiliza, wakaenda kwa hao wengine! Kukiri kulikuja 2014 kwenye kumbukumbu zake, ambako aliandika wazi kwamba alikosea. Miaka sita baada ya mchujo.

Lakini jiulize kwa nini hakusema mapema. Washauri wake walikuwa wamemwona Kerry. Machi 2004 Kerry alikuwa West Virginia, akaeleza kwamba aliipigia kura ya ndiyo ile dola bilioni 87 ya vita kabla hajaipigia hapana. Sentensi moja tu. Republican wakaigeuza tangazo, akaitwa bendera fuata upepo hadi Novemba. Na Hillary ni mwanamke anayetaka kuwa amiri jeshi mkuu, anaogopa kuonekana wa kuyumba. Hesabu yake ilikuwa ya uchaguzi mkuu. Mchujo alidhani keshaushika.

Halafu akarudia. Septemba 2007 likaja pendekezo la maseneta Kyl na Lieberman la kuitaka Marekani iwaweke Walinzi wa Mapinduzi wa Iran kwenye orodha ya magaidi. Hillary ndiyo. Biden na Dodd, ambao 2002 walikuwa naye, safari hii wakasema hapana. Obama siku ya kura hakuwepo, alikuwa kampeni New Hampshire. Hakupiga kura, na Iowa akazunguka akimsema Hillary kwa kura hiyo. Mnaona mchezo? Kwa mara ya pili asiyekuwepo ndiye anayeshika fimbo.

---

NgosiwaSame

Kwa hiyo Obama mtoro 😂😂

---

Mtaa wa Saba

Mleta uzi mimi nakupinga. Unaifanya Iraq kuwa kila kitu 2008. Mwanzoni mwa 2008 wapiga kura walishaanza kulia uchumi. Obama alishinda kwa hesabu. Timu yake ilikwenda kwenye majimbo madogo ya mikutano ya kaukasi ambako Hillary hakupeleka watu. Idaho alipata wajumbe 15 dhidi ya 3 (wajumbe ndio wanaohesabiwa kumpata mgombea wa chama). New Jersey, jimbo kubwa, Hillary alishinda kwa wajumbe 59 dhidi ya 48. Piga hesabu: faida ya Obama Idaho ni 12, ya Hillary New Jersey ni 11. Vita iko wapi hapo? Ongeza kura za Wamarekani weusi South Carolina. Kwa kura za wananchi nchi nzima waliachana kidogo mno.

---

KahawaChungu

Mtaa wa Saba hesabu zako ni sahihi, sizigusi. Swali langu ni moja: watu waliokwenda kukaa kwenye kaukasi ya Idaho usiku wa Februari, na baridi ile, walitoka wapi? Kaukasi si kutumbukiza karatasi ukaondoka. Ni kukaa ukumbini, kubishana, kusimama upande wako mbele ya jirani. Anayekwenda ni mwanaharakati. Na mwanaharakati wa Democratic wa miaka ile alikuwa amezaliwa na Iraq. Wengi ni vijana na wasomi waliokuwa na Howard Dean, mgombea aliyeipinga vita, 2003, wakajifunza kuchangisha fedha mtandaoni, wakapoteza, wakabaki hawana nyumba. Iowa 2008 waliojitokeza walikaribia mara mbili ya wale wa 2004. Vita ilimpa Obama watu wa kuanzia, watu hao wakampa Idaho.

Na ilimfanyia kazi nyingine ambayo wengi hawaisemi. Alikuwa seneta wa taifa kwa miaka mitatu tu. Swali la "uzoefu una?" lingemmaliza. Kwenye mdahalo wa Hollywood, Januari 31, 2008, Hillary anasema yuko tayari kuanzia siku ya kwanza. Obama akajibu kwamba la muhimu ni kuwa sahihi siku ya kwanza. Basi, uzoefu wote wa Hillary ukageuka ushahidi dhidi yake. Kwa mtu asiye na rekodi, hotuba moja ya 2002 ilimtosha kuwa rekodi.

---

Mama Zuu

Tusisahau Bill Clinton alilipinga hilo waziwazi. Siku moja kabla ya New Hampshire alisema habari nzima ya msimamo wa Obama ni hadithi ya kubuni. Na hakuwa anaropoka tu. 2004 Obama aliulizwa angepiga kura gani kama angekuwa seneta, akasema hajui, kwa sababu hakuona taarifa za siri walizoziona maseneta. Na alipofika Seneti aliidhinisha fedha za vita kama wenzake. Kwa nini haikumwumiza?

---

KahawaChungu

Mama Zuu swali zuri. Kwanza, 2004 alikuwa kwenye wiki ya mkutano mkuu wa chama unaowasimamisha Kerry na Edwards, wote wawili ndiyo wa 2002. Ungetaka aseme nini? Watu walielewa. Pili, mpiga kura wa mchujo hakagui mafaili. Anauliza tu: ile siku watu walipopagawa kwa vita, wewe ulisema nini? Obama alikuwa na jibu la sentensi moja. Hillary alihitaji robo saa ya kueleza kwamba alimpa Bush mamlaka ili arudishe wakaguzi wa silaha na si ili avamie. Huenda ni kweli kabisa. Lakini kwenye siasa ukishaanza kueleza robo saa, umeshapoteza.

Na Bill alisaidia kuharibu. Weusi wengi walisikia "hadithi ya kubuni" kama anamwambia mtu mweusi kwamba ugombea wako wote ni ndoto. Zikaja kura za South Carolina, Obama akashinda kwa kishindo.

---

Kinyozi wa Posta

Mbona wote mnaongelea Democratic? Kwa Republican vipi? Nilidhani kule ukipinga vita ndio umejimaliza.

---

KahawaChungu

Kinyozi, umenifungulia mlango niliokuwa nautafuta.

Februari 13, 2016, mdahalo wa Republican uko Greenville, South Carolina. Jimbo lenye kambi za jeshi na wastaafu wa jeshi kila kona, jimbo ambalo familia ya Bush ilipendwa. Trump anasimama anasema vita ya Iraq lilikuwa kosa kubwa, na kwamba walidanganya kuhusu silaha za maangamizi. Anamwambia Jeb Bush, mdogo wake aliyeanzisha vita, uso kwa uso. Ukumbi ukamzomea. Wachambuzi wakasema leo kajizika. Wiki moja baadaye akashinda jimbo kwa takriban theluthi ya kura, Jeb akawa wa nne na usiku huohuo akajitoa.

Jeb mwenyewe alikuwa kajichimbia kaburi tangu Mei 2015, alipoulizwa kwenye televisheni kama angeivamia Iraq kwa tunayoyajua leo. Akajibu ndiyo. Akasema hakuelewa swali. Akasema hajibu maswali ya "kama". Siku kadhaa baadaye ndipo akasema asingevamia. Swali ambalo kila mtoto alijua litaulizwa!

Na Trump alipinga kweli mwaka 2002? Hapana. Septemba 2002, kwenye redio kwa Howard Stern, aliulizwa anaunga mkono kuivamia Iraq, akajibu kwa kusitasita kwamba anaona ndiyo. Sauti ipo, ilichezwa kampeni nzima. Haikumgusa. Alikuwa mfanyabiashara, hakukuwa na karatasi ya Seneti yenye jina lake. Yaani hata kuwa sahihi hakukuhitajika, ilitosha kutokuwa kwenye orodha.

---

Mtaa wa Saba

Haya, nikupe mfano wa kuivunja nadharia yako. Bernie Sanders. Alikuwa Baraza la Wawakilishi 2002, alipiga HAPANA kwa jina lake. 2016 akamkaribia Hillary Iowa kwa robo ya asilimia, New Hampshire akambwaga 60 kwa 38. Alikuwepo chumbani, na alivuna.

---

KahawaChungu

Alivuna, nakubali, ila si shamba hilo. Vijana waliomjaza viwanjani walitaka masomo ya bure na bima ya afya, wengi walikuwa shule ya msingi bomu la kwanza lilipoanguka Baghdad. Iraq Sanders aliitaja pale Hillary alipomzidi kwa kujua mambo ya nje. Ilikuwa ngao tu. Halafu 2020 akaitumia tena dhidi ya Biden, ambaye si tu alipiga ndiyo, bali alikuwa mwenyekiti wa Kamati ya Mambo ya Nje ya Seneti. Kwenye midahalo Sanders alimkumbusha mara kadhaa. Buttigieg, mgombea mwenzao, naye akamkumbusha. Kisha Clyburn, mbunge mweusi mkongwe wa South Carolina, akamwidhinisha Biden, South Carolina ikampa karibu nusu ya kura, mchezo ukaisha. Kura ileile iliyomtesa Hillary 2008 haikumgharimu Biden chochote 2020. Majeneza yalikuwa hayarudi tena kila wiki.

Ukitaka kuumia zaidi tazama California 2024. Barbara Lee wa Oakland, yule mama aliyekuwa peke yake Septemba 14, 2001, kura 420 dhidi ya 1, akikataa kumpa Bush mamlaka yasiyo na mipaka. Alitishiwa maisha. Alionekana nabii baadaye. Machi 2024 aliwania kiti cha Seneti kwenye mchujo, akatoka wa nne. Wa kwanza alikuwa Adam Schiff, aliyepiga ndiyo ya Iraq 2002.

---

Bintisultani

Duh, hii ya Barbara Lee inauma.

---

Mzee Kigoda

Vijana mmeanza hadithi katikati. Rudini Vietnam.

Agosti 1964, azimio la Ghuba ya Tonkin, Seneti 88 dhidi ya 2. Wawili hao ni Wayne Morse wa Oregon na Ernest Gruening wa Alaska. 1968, nchi nzima imegeuka dhidi ya vita, ungetegemea wabebwe juu juu. Gruening aliangushwa kwenye mchujo wa chama chake na Mike Gravel. Morse alipita mchujo akaangushwa Novemba. Wote wawili nje, mwaka uleule!

Na shujaa wa mchujo wa 1968 alikuwa nani? Eugene McCarthy, aliyepata asilimia 42 New Hampshire dhidi ya 49 za Rais Johnson, na kabla Machi haijaisha Johnson akatangaza hagombei tena. Sasa McCarthy alipiga nini 1964? Ndiyo. Yumo kwenye wale 88.

Kwa hiyo namrekebisha kidogo mleta uzi. Si lazima uwe nje ya chumba. McCarthy alikuwa ndani na alikosea kama wenzake. Ila aligeuka mapema, na akajitokeza mkutanoni wakati Robert Kennedy bado anapiga mahesabu.

---

KahawaChungu

Mzee Kigoda shikamoo. Nimekubali marekebisho. Na kuna nyongeza inayotatiza zaidi: watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walipochunguza waliompigia McCarthy New Hampshire, walikuta wengi wao walitaka Johnson apige Vietnam kwa nguvu zaidi, si aondoke. Walimpigia mpinga vita kwa sababu walimchoka Johnson. Kwa hiyo hata pale tunapodhani mpiga kura anauhukumu msimamo, huenda anamhukumu mtu.

Katika mbio hizohizo za 1968 George Romney, gavana wa Michigan, aliwahi kuongoza mapema kwa Republican. 1967 akasema majenerali walimtia kasumba alipotembelea Vietnam, ndiyo maana aliunga mkono vita. Alikuwa anabadilisha msimamo kwa uaminifu kabisa. Watu wakaacha vita wakashika ile kasumba: huyu ambaye ubongo wake unachezewa ndiye awe rais? Alijitoa wiki mbili kabla ya New Hampshire. Kukiri kwenyewe kuna ufundi wake, Bintisultani. Edwards aliujua. Romney alitaka kukiri na wakati huohuo lawama ibaki kwa wengine.

---

Mama Zuu

Na Lieberman? Connecticut 2006, mgombea mwenza wa Gore mwaka 2000, akang'olewa na Ned Lamont kwenye mchujo kwa 52 kwa 48. Ile ilikuwa Iraq tupu.

---

KahawaChungu

Iraq tupu kabisa. Ni mchujo safi kuliko yote niliyotaja, maana kwa mambo mengine Lieberman alikuwa Democrat wa kawaida. Na Lamont? Mfanyabiashara wa televisheni za kebo. Hakuwa na kura ya 2002. Narudi palepale.

Ila usiishie Agosti. Lieberman akagombea kama huru, Novemba akamshinda huyohuyo Lamont kwa kura za Republican na wasio na chama. Mchujo ulisema kitu kimoja, jimbo likasema kingine.

---

Ughaibuni Kwetu

Mimi niko Michigan, nina uraia na napiga kura. Februari 2024 jamaa zangu wengi wa Dearborn, mji wenye Waarabu wengi, walikwenda kwenye mchujo wa Democratic wakaweka alama kwenye "sijaamua" badala ya Biden, kwa ajili ya Gaza. Zaidi ya watu 100,000, kama asilimia 13. Hapakuwa na mgombea wa maana wa kupokea hizo kura. Mnasema nini kuhusu 2028?

---

KahawaChungu

Ughaibuni, hapo ndipo nilitaka tufike. 2024 hasira ilikuwepo, aliyekosekana ni mtu wa kuibeba. 2028 watakuwepo wengi, na safari hii orodha ya majina ishaanza kuandikwa. Novemba 2024 Sanders alipeleka Seneti maazimio ya kuzuia silaha kwenda Israel, waliomuunga mkono hawakufika 20. Julai 2025 kwenye azimio moja la namna hiyo wakafika 27, yaani zaidi ya nusu ya Democrats wote wa Seneti. Linganisha hizo kura mbili uone nani kahama kati ya Novemba na Julai. Hao ndio wanaojua Iowa na New Hampshire ziko wapi kwenye ramani.

Ila macho yangu mimi yako kwa magavana. Hawajapiga kura yoyote.

---

NgosiwaSame

Watoro wengine hao 😂